Katibu Aliyelifuta Jina la Dada Yake

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi njema. Mwenye kitunguu jikoni apunguze moto, maana habari ya leo haitaki harufu ya kuungua. Leo tunamkumbuka Getzel Kaplinski. Tumemzika Alhamisi iliyopita hapa Haifa, kwenye mteremko wa Karmeli. Alikuwa na miaka sitini na mitano. Wengi mlimjua kama mbunge. Wengine mlimjua kama katibu wa wafanyakazi wa bandari. Mimi nilimjua kama mzee aliyekuja studio akiwa amevaa soksi za rangi mbili, akaniambia, "Redioni nani ataona?"

Basi nitawasimulia alikotoka. Nitawasimulia alivyopanda. Na nitawasimulia jambo moja ambalo dada yake, Bi Tema, alilingoja kwake miaka karibu arobaini. Bi Tema mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa. Alisema, "Sema yote. Getzel alipenda mambo ya hadharani."

Getzel alizaliwa mwaka 1908 Lipovke, mji mdogo wa matope katika nchi ya mabwawa, kule Poland. Baba yake alikufa kwa homa ya chawa mwaka wa vita vya Wabolsheviki. Akabaki mama, Hinda, na watoto wawili: Getzel na Tema. Hinda alikuwa muuza manyoya. Alinunua bata bukini kwa wakulima, akawanyonyoa, manyoya akayauza kwa wenye kushona mito na mifarishi ya kujifunika. Kwa hiyo mji mzima ulimwita Hinda wa Manyoya. Lipovke hakuna aliyetumia jina la ukoo. Kulikuwa na Mote wa Kikohozi, na Zalman Nusu-Mlango, na ukiuliza Kaplinski ni nani, ungeambiwa hayupo.

Bi Tema anakumbuka nyumba ile. "Manyoya yalikuwa kwenye supu," ananiambia. "Yalikuwa kwenye nyusi za mama. Getzel akienda shule, wenzake wanamfuata wanalia kwaa, kwaa, kama bata. Yeye anageuka anawahutubia! Ana miaka tisa, anawahutubia kuhusu heshima ya kazi. Wakampiga. Akaja nyumbani pua inavuja damu, anasema, 'Tema, leo wamenisikiliza kidogo.'"

Ndivyo alivyokuwa, wasikilizaji. Mtu wa kuhutubia tangu utotoni.

Alipofika miaka kumi na saba akajiunga na vijana wa Kizayuni. Hawa ndio waliosema: tumechoka kungoja, tutakwenda nchi ya Israeli, tutalima kwa mikono yetu. Wazee wa Lipovke waliwacheka. Mtoto wa muuza manyoya anataka kulima! Hata jembe hajui lishikwe upande gani. Lakini Getzel alisoma, akapanga, akakusanya watu. Akiwa na miaka ishirini na minne wakamchagua katibu wa tawi. Wengi walimpenda, maana alikuwa msafi. Msafi mno. Akipewa tufaha na mwanachama, analirudisha. Mama yake alisema, "Huyu mtoto nikimpa chai, atataka kujua kama na wenzake wamepewa."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pa kusikiliza.

Ili uingie Palestina, kama nchi ya Israeli ilivyoitwa siku zile, ulihitaji cheti cha kuhamia. Vyeti vilitolewa na Waingereza waliotawala huko, na vilikuwa vichache. Tawi la Lipovke lilikuwa na vijana arobaini. Mwaka 1933, mwezi wa Novemba, likapata cheti kimoja. Narudia: vijana arobaini, cheti kimoja.

Lakini kanuni ilikuwapo. Cheti kinakwenda kwa aliyefanya kazi muda mrefu zaidi kwenye shamba la mafunzo. Na aliyefanya kazi kuliko wote alikuwa Tema, dada yake Getzel. Miezi ishirini na sita. Alichimba viazi kwenye barafu. Alikamua ng'ombe mmoja mwenye roho mbaya aliyeitwa Malkia. Wa pili alikuwa Leyzer, fundi wa matandiko ya farasi, miezi ishirini na miwili. Hesabu haikuwa na ubishi. Zamu ilikuwa ya Tema.

Na Tema alikihitaji. Mwaka ule vijana wa mji wa jirani walisimama mbele ya vibanda vya Wayahudi sokoni, wanawazuia wateja. Kibanda cha Hinda kilipigwa mawe mara mbili. Mama alishamwambia binti yake, "Mimi ni mzee wa manyoya, nitabaki na bata wangu. Wewe utakwenda. Ukifika utaniita." Sanduku lilikuwa limefungwa kamba.

Alhamisi mchana kamati ikakaa. Katibu akafungua orodha. Nambari moja, Tema Kaplinski. Akaitazama. Akachukua penseli, akalikata jina la dada yake, akaandika Leyzer.

"Ndugu katibu," mmoja akauliza, "mbona hivyo?"

"Kesho watasema Getzel amempeleka dada yake," akajibu. "Sitaki chama kisemwe."

Wasikilizaji wapendwa, mnajua kamati ilifanya nini? Ilimpigia makofi. Watu wazima walipiga makofi! "Huyo ndiye mtu," wakasema. Ijumaa asubuhi barua ikatiwa posta kwenda Warsaw, jina la Leyzer ndani yake. Getzel akaenda nyumbani akala bakuli mbili za supu ya shayiri. Hakumwambia Tema neno. Tema alizipata habari kwenye bomba la maji, kutoka kwa mke wa muuza samaki wa chumvi.

"Nilirudi na ndoo tupu," anasema Bi Tema. "Nikamkuta anachana nywele. Nikamwambia, 'Kaka, ni kweli?' Akasema, 'Tema, wewe utaelewa, una moyo mkubwa.' Nikamwambia, 'Moyo mkubwa nauweka wapi, kwenye sanduku?' Akaondoka. Alikuwa na mkutano."

Tema alilia. Mama hakulia. Mama alikwenda kukoroga chungu cha Sabato, maharage na nyama na viazi. Akakipeleka kwa mwoka mikate kilale kwenye tanuri, kama kila nyumba ilivyofanya, maana siku ya Sabato hatuwashi moto. Na Hinda wa Manyoya akinyamaza, watu wa Lipovke walifunga madirisha.

Siku ya pili ikawa Sabato. Sinagogi limejaa. Wanaume chini, wanawake juu kwenye roshani yao. Wakaitoa Torati, wakaiweka mezani, wakaifungua. Msomaji akasafisha koo. Na kabla hajatamka neno la kwanza, ngazi za roshani zikalia. Hinda anashuka.

Kwetu ilikuwapo desturi, na wazee wanaonisikiliza wanaijua. Mtu aliyedhulumiwa, awe tajiri au maskini, awe mwanamume au mwanamke, angeweza kuzuia kusomwa kwa Torati. Anasimama mbele ya meza, anasema hakuna kusoma. Na kweli hakusomwi. Gombo la Torati linafunikwa kitambaa, mji mzima unangoja, mpaka kesi yake isikilizwe. Ilikuwa silaha ya mnyonge. Na iliheshimiwa zaidi saa ya saba mchana, vyungu vikiwa tanurini na matumbo yakinguruma. Njaa ilikuwa wakili mzuri.

Hinda akapiga meza kwa kiganja. "Hatusomi!"

Rabi alikuwa mzee mwembamba, mwenye subira. Akasema, "Hinda, una kesi na nani?"

"Na mwanangu."

Watu wakacheka. Mote wa Kikohozi akasema kwa sauti, "Kesi na mtoto huamuliwa kwa mwiko, Hinda, turudishie Torati yetu!"

"Wewe Mote, kohoa unyamaze," akasema Hinda. Kisha akamgeukia rabi, ambaye mji ulimwita Rebe. "Rebe, laiti mwanangu angekuwa mwizi. Mwizi ningejua la kumfanya. Mwanangu ni msafi. Usafi wake ameufulia kwa ngozi ya dada yake. Binti yangu amefanya kazi miezi ishirini na sita. Leyzer ishirini na miwili. Sina neno na Leyzer, ni kijana mzuri, kaa chini Leyzer. Lakini Tema angekuwa binti wa jirani, leo angekuwa njiani. Kosa lake ni kutoka tumbo moja na katibu. Basi tumbo ni langu. Nihukumuni mimi, au mhukumuni yeye. Bila hivyo maharage yenu yataungua."

Rabi akasema, "Getzel, panda hapa."

Getzel akapanda. Uso umeiva. Akaanza kama alivyozoea, "Ndugu zangu, chama chetu kimejengwa juu ya..."

"Chama sikukizaa mimi," akasema mama yake. "Sema wewe."

Akafunga mdomo. Huyu ni mtu asiyewahi kukosa maneno tangu alfajiri ya maisha yake. Akasimama pale, watu mia nne wanamtazama. Mwisho akasema, na haya ndiyo maneno yake, nimeyasikia kwa watu watatu waliokuwapo:

"Nilikosea. Nilijua haki iko wapi. Sikuogopa dhuluma, niliogopa masengenyo. Nikaifuta haki kwa penseli, kisha nikajisifu. Nimemkosea mama yangu. Nimemkosea Rebe. Nimeukosea mji huu. Naomba radhi."

Wasikilizaji, wazee walilia ndani ya shali zao za sala. Mote alilia mpaka akakohoa. Lipovke haikuwahi kusikia kiongozi akisema nilikosea. Viongozi wa Lipovke walikuwa wakikosewa tu.

Lakini juu kwenye roshani, Tema alikuwa ameshika kizuizi cha mbao kwa mikono miwili. Alikuwa anahesabu. Mama. Rebe. Mji. "Nilingoja jina la nne," ananiambia. "Wala hakuinua macho juu. Nikadhani labda ameona haya, ataniambia nyumbani."

Nyumbani hakumwambia. Alikula, akasinzia, akaenda mkutanoni.

Lakini turudi sinagogini, Sabato ile ile. Na cheti je? Barua ilishakwenda Warsaw, haingerudi. Ndipo Leyzer akasimama kwenye viti vya nyuma, ameishika kofia kichwani. "Rebe," akasema, "cheti cha mwanamume kinabeba na mke. Mimi sina mke." Mnacheka. Lakini vijana wengi walivuka hivyo mwaka ule. Wanaoana kwa ajili ya balozi mdogo wa Kiingereza, wakifika Haifa wanaachana, kila mtu njia yake.

Sinagogi lote likaanza kushangilia. Mara sauti ikatoka juu. "Na mimi? Kuna aliyeniuliza mimi?"

Ilikuwa Tema. Rabi akainua kichwa. "Haya, Tema, unaulizwa."

"Nitakubali," akasema. "Lakini tukifika Haifa, talaka ndani ya mwezi. Na safarini asikorome."

Rabi hakufurahi. "Mimi sifungi ndoa ya mchezo," alisema. "Hema la harusi ni hema la harusi. Nikifunga, imefungwa. Mkitaka kuifungua, mtaifungua kwa talaka kama watu. Na ujue, binti yangu, mwanamke aliyeachwa haolewi na mtu wa ukoo wa makuhani. Ni sheria ya Torati, siiwezi."

Tema akacheka. "Rebe, makuhani wa Lipovke ni watatu. Mmoja ana miaka sabini, wa pili ana mke, na wa tatu ni Feivel. Feivel simtaki hata nikiwa bikira wa miaka themanini."

Hivyo wakaoana. Machi 1934 wakashuka bandarini Haifa. Ndani ya wiki tatu wakaachana mbele ya rabi, kama walivyopatana. Leyzer alilia kidogo siku ya talaka. Tema akamnunulia maji ya soda yenye sharubati ya zambarau, akamwambia, "Usilie, hatukuwa na kitu." Leyzer akanywa, akazidi kulia.

Sasa turudi kwa Getzel. Hadithi ya sinagogi haikubaki Lipovke. Waendesha mikokoteni waliichukua. Ikaenda mji hadi mji pamoja na ngano na mafuta ya taa. Kuna katibu kijana huko, watu wakasema, aliyesimamishwa na mama yake mbele ya Torati, akakubali kosa. Huyo tunamtaka. Wakamwita kuhutubia hapa, wakamwita kule. Mwaka 1935 wakamchagua mjumbe wa mkutano mkuu wa Wazayuni. Mwaka 1936 akaja nchini, akaanza kubeba magunia bandarini. Mwaka 1937 wapagazi wakamfanya katibu wao. Narudia, wasikilizaji, ili jambo likae sawa: kilichompandisha Getzel Kaplinski hakikuwa kulifuta jina la dada yake. Kilichompandisha ni kukiri kwamba alilifuta.

Na tangu siku ile, neno nilikosea likawa lake. Alilisema mbele ya wapagazi alipovunja mgomo mapema. Alilisema Bungeni, wapinzani wakazomea kwanza, wakanyamaza baadaye. Magazeti yalimchora akiwa amepiga magoti, anamwomba jogoo radhi. Wananchi walimpenda. Bi Tema anasema, "Aliomba radhi kwa kila mtu. Kwa bandari. Kwa wapiga kura. Kwa mpishi wa Bunge, alipommwagia chai. Mimi nilikuwa kwenye orodha ya kungoja."

Kuna mahali hakulisema, na marehemu hasemwi kwa sifa tupu. Mwaka 1948, wakati wa vita, Waarabu wa Haifa waliondoka kwa maelfu. Kati yao alikuwamo Abu Nasri, mpagazi aliyebeba magunia bega kwa bega na Getzel alipofika nchini, aliyempa mzeituni wa kwanza kupanda uani. Bi Tema alimwuliza kaka yake, "Yule mtu atarudi lini?" Getzel alitazama dirishani. Akasema kuna mkutano.

Sasa nisikilizeni kuhusu mwaka 1937, maana deni la neno lile liliongezeka hapo.

Tema alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha vigae. Akampenda mtu. Aliitwa Asher, mpanga vigae, mtu mrefu, mcheshi, mwenye vidole vyeupe kwa chokaa. Wakapanga kuoana. Wakaenda kwa rabi. Rabi akauliza majina, akauliza ukoo. Asher alikuwa wa ukoo wa makuhani. Akamtazama Tema. "Uliwahi kuolewa?" Tema akasema, "Kwa karatasi tu." Rabi akasema, "Na talaka?" Tema akasema, "Ya kweli."

Basi. Lile alilolicheka Lipovke lilikuwa limemtangulia Haifa, linamngoja kwenye kiti.

Rabi alimhurumia. Alisema, "Akija shahidi aliyekuwapo, akaapa kwamba ndoa ile ilikuwa ya kudanganyia Waingereza, nitalitazama jambo hili upya. Siahidi kitu." Shahidi alikuwapo. Alikuwa na ofisi karibu na bandari, ghorofa ya pili.

Tema akapanda ngazi. Bi Tema ananisimulia huku anakunja leso.

"Nikamwambia, 'Kaka, nina haja nawe.' Akaniandalia kiti, akaniletea chai. Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, siku hiyo alisikiliza. Kisha akasema, 'Tema, mimi nina cheo sasa. Nikiapa mbele ya rabi kwamba vijana wetu wanadanganya kwa ndoa, wiki ijayo Waingereza watazuia wake wote kwenye vyeti. Kuna mabinti mia sasa hivi wamefunga masanduku.' Na unajua nini? Alikuwa anasema kweli. Hakuwa na kosa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu akikudhulumu akiwa na kosa, unamtukana, unapona."

Nikamwuliza, "Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia, 'Wewe daima una watu mia. Mimi mmoja utanihesabu lini?' Nikamaliza chai. Chai haina hatia."

Asher alingoja mwaka. Baba yake alikuwa mzee wa Yerusalemu, akaapa kujiua. Asher akaoa kwingine. Na Leyzer, yule fundi wa matandiko, alikuwa kila Ijumaa akipita na samaki aliyefungwa kwenye gazeti. Anaacha samaki, anaondoka. Mwaka 1938 Tema akamwambia, "Leyzer, unakoroma bado?" Akasema, "Kidogo." Wakaoana mara ya pili. Mama kule Lipovke hakuwahi kuandikiwa kwamba ile talaka ilitolewa kweli, kwa hiyo hakuandikiwa kwamba wameoana tena.

"Alikuwa mume mwema," anasema Bi Tema. "Sikumchagua, nilimzoea. Na mazoea yana taabu. Alipokufa, mwaka mzima nilinunua samaki kila Ijumaa nikaacha mlangoni kwangu mwenyewe."

Mama hakuja. Watoto wake wote wawili walimwombea cheti, na wote wawili walishindwa. Barua zake zilikoma kiangazi cha 1941. Majira ya majani kupukutika ya 1942 Wajerumani waliwatoa watu wa Lipovke mpaka kwenye mashimo ya msituni. Hinda wa Manyoya alikuwa miongoni mwao. Na Rebe. Na Mote. Na Feivel. Wale watu mia nne walioombwa radhi siku ile, waliobaki hai hawafiki ishirini. Sitaongeza neno hapo.

Baada ya dola ya Israeli kusimama, Getzel aliingia Bungeni. Wakampa kazi ya kugawa nyumba kwa wahamiaji waliokuwa kwenye mahema. Orodha nyingine. Safari hii alikuwa na mtindo wake. Kabla hajatia sahihi, alimwita aliye mwisho wa orodha, akamwuliza, "Kwa nini wewe wa mwisho?" Wengi walipata vyumba kwa swali hilo. Huenda mmoja wao anatusikiliza sasa. Pengine ndivyo alivyokuwa akijaribu kulipa, lakini kwa watu wengine.

Siku ya sherehe zake za miaka sitini, ukumbi umejaa, kiongozi mmoja akamwomba asimulie tena ile ya sinagogi. Watu waliipenda. Akaisimulia. Bi Tema alikuwa meza ya mbele. "Akasema mama, akasema Rebe, akasema mji," anakumbuka. "Watu wakapangusa macho. Mimi nikala keki."

Nikamwuliza, kwa nini hukumwambia? Kwa nini hukumwambia tu, kaka, mimi bado?

Akanitazama kama ninavyotazamwa na mama yangu. "Mwanangu, radhi ya kudai haina utamu."

Mwezi uliopita moyo wa Getzel ulichoka. Alilazwa hospitali. Bi Tema alikwenda kila mchana na supu ya kuku kwenye chupa ya kuhifadhi moto, maana ya hospitali, kwa maneno yake, ilikuwa maji yaliyoonyeshwa kuku kwa mbali. Walitaniana. Getzel alimwambia, "Umetia chumvi nyingi, unataka kuniua uchukue kiti changu Bungeni." Tema akasema, "Kiti chako kina misumari."

Wasikilizaji wapendwa, haya yanayofuata aliniambia juzi Jumapili, siku ya nne ya matanga. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kifupi, kola ya gauni imechanwa, kioo cha ukumbini kimefunikwa shuka, kama desturi yetu ya msiba. Nilitaka kuzima mashine ya kurekodia. Akasema, "Iache izunguke."

"Jumanne mchana," akasema, "nilimkuta ameketi. Amechana nywele. Ameomba muuguzi amvalishe shati. Nikajua. Mimi nimemjua tangu manyoya. Nikamimina supu. Akanishika mkono, mkono wenye kijiko. Akasema, 'Tema. Ile Sabato. Wewe ulikuwa juu, na mimi...'

"Akakomea hapo. Alikuwa anatafuta pumzi. Miaka arobaini kasoro nimelingoja neno hilo. Nilikuwa na jibu lake tayari, nilishalipika, nilishalipasha moto mara elfu. Na unajua nilifanya nini? Nikamtia kijiko mdomoni. Nikamwambia, 'Kula, Getzel, supu inapoa.'

"Akameza. Akajaribu tena. 'Tema, mimi...' Nikamtia kingine. Mpaka bakuli likaisha. Akanitazama, akacheka, akalala.

"Watu watadhani nilikuwa nalipiza. Sikulipiza. Niliogopa. Getzel hajawahi kuondoka kwenye mkutano kabla ajenda haijaisha. Na mimi ndiye niliyekuwa ajenda ya mwisho. Nikasema moyoni, akishalisema hili, atachukua kofia. Acha abaki na deni. Acha abaki. Nitalisikia kesho.

"Akafa Jumatano asubuhi, kabla sijafika. Chupa ya supu niliyombebea ilikuwa bado ya moto."

Nilimwambia, Bi Tema, lakini alikwishasema. Alianza. Ulijua anataka kusema nini.

"Najua nilijua," akasema. "Lakini yeye hakujua kama nilimsamehe."

Wasikilizaji wapendwa, pole zetu ziwafikie binti zake Getzel wawili na wajukuu, na wapagazi wa Haifa waliolibeba jeneza lake bila kukubali kupokezana. Pole zetu za pekee kwako, Bi Tema. Najua uko kwenye kigoda na redio umeiwasha, maana uliniambia utasikiliza kama nitakosea tarehe.

Na wewe mwingine, uliye jikoni, uliye dukani, uliye kitandani. Leo sikuhimizi kuomba radhi. Hilo kila mtu analihimiza, na Getzel alilifanya kuliko sisi sote. Nakuomba kitu kidogo zaidi. Yuko mtu atakayekuja mbele yako leo au kesho, amechana nywele, neno limemkwama kooni. Utataka kumrahisishia. Utataka kusema haidhuru, kaa, kula. Usiseme. Weka kijiko chini, umngoje amalize, kisha umjibu.